Anza na Kitu Kilicho Mezani: Mradi wa Heshima katika Sanaa na Insia

Mwanafunzi wa kemia anayetaka kufanya utafiti kabla hajahitimu shahada ya kwanza hubisha hodi kwenye maabara. Humo hukuta swali limekwisha kuulizwa, mitambo imekwisha kufungwa, na yupo aliyemtangulia anayejua chupa ipi haiguswi. Hukatiwa kipande chake cha kazi, na akikimaliza vizuri kinaunganishwa na vipande vya wenzake. Mwanafunzi wa sanaa na insia, yaani fasihi, historia, falsafa, muziki au uchoraji, hana pa kubisha hodi. Kwa mradi wa heshima, yaani kazi kubwa ya kujitegemea ya mwisho wa shahada ya kwanza, hupewa msimamizi, tarehe ya mwisho na idadi ya maneno, kisha huambiwa aende akatafute mada.

Hapo ndipo miradi mingi inapoharibika, na huchukua miezi kabla ya mtu yeyote kugundua. Neno "mada" lenyewe linapotosha. "Uhamiaji katika riwaya" ni mada. "Muziki na utambulisho" ni mada. Mada haina kingo, haina mlango wa kuingilia, na haijawahi kumkatalia mtu jambo lolote. Unaweza kuisomea mwaka mzima, kila jioni ukajiona unasonga mbele. Mradi wa heshima unahitaji kitu: barua 40 zilizofungwa katika jalada moja, hadithi fupi 6 za mwandishi mmoja, kanda 3 za mahojiano, jengo, daftari la michoro, wimbo mmoja uliorekodiwa mara mbili na watu wale wale. Kitu kinahesabika. Kinawekwa mezani, na ukikisoma vibaya kinakukatalia.

Utaratibu wenyewe una historia inayoeleza kwa nini unamwelemea mwanafunzi wa insia. Mpango wa heshima ulioigwa na vyuo vingi vya Marekani ulianza katika chuo cha Swarthmore mwaka 1922. Rais wa chuo, Frank Aydelotte, ambaye aliwahi kusoma Oxford, aliwatoa baadhi ya wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho katika madarasa ya kawaida, akawaweka katika semina ndogo, kisha akawaita watahini kutoka nje ya chuo waje kuwapima. Kwa hiyo tangu mwanzo kazi hii ilikuwa ya kusomwa na mgeni, mtu asiyejua ulivyokesha wala ulivyopendwa darasani. Mkondo wa pili ulitoka MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, mwaka 1969, pale Margaret MacVicar alipoanzisha mpango wa kuwaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti wa maprofesa. Mfumo huo wa maabara ulienea mno, na lugha yake ikaingia katika fomu za maombi ya fedha na za kuidhinisha miradi, hata zile anazojaza mtu anayeandika kuhusu mashairi.

Basi unakuta fomu inauliza nadharia tete, sampuli, njia na matokeo yanayotarajiwa. Usiiruke, na usijifanye mwanasayansi. Penye nadharia tete, andika unachokishuku kwa sentensi moja, na sentensi ya pili ieleze ni ushahidi gani ukiuona utakubali kwamba ulikosea. Penye sampuli, taja vitu vyenyewe kwa idadi na ueleze kwa nini hivyo na si vya jirani yake. Penye njia, "uchambuzi wa kina" hausemi kitu. Sema utafanya nini kwa mikono: utanukuu barua zote 40 neno kwa neno, utaziorodhesha kwa tarehe, utalinganisha vifungu vya mwanzo na vya mwisho. Penye matokeo, taja kitakachokuwepo mezani siku ya mwisho: tasnifu ya maneno 12,000 na kiambatisho chenye unukuzi wa barua zote. Kamati huidhinisha haraka ombi linaloonyesha kwamba mwombaji amekwisha kukigusa kitu chake.

Kukikalia kitu kabla ya kukisomea

Pendekezo hili huwakera baadhi ya wasimamizi, lakini lina faida kubwa: wiki mbili za kwanza usisome mtaalamu yeyote. Kaa na kitu chenyewe. Andika maelezo yake ya maneno 500 hadi 800 bila kufasiri chochote. Karatasi ina ukubwa gani, wino umebadilika wapi, msimulizi anaanza kusema "mimi" katika ukurasa gani, kamera inasimama mara ngapi, ngoma inaingia sekunde ya ngapi. Ukijikuta umeandika "inaashiria" au "inadhihirisha", futa. Maelezo haya mara nyingi huingia karibu mazima katika sura ya kwanza, lakini thamani yake kubwa ni kwamba yanakuonyesha mambo usiyoweza kuyaeleza.

Mambo hayo ndiyo maswali. Yaandike yote, yafike 20 na zaidi hata kama mengine ni ya kitoto. Kisha piga mstari juu ya yale yanayojibika kwa kufungua kamusi, yale yanayohitaji ujue kila kitu kuhusu karne nzima, na yale ambayo jibu lake ulikuwa nalo kabla hujaanza. Hili kundi la mwisho ndilo gumu kulifuta kwa sababu ndilo tunalolipenda. Yatabaki mawili au matatu.

Tuchukue zile barua 40, tuseme ni za mfanyabiashara kwa ndugu yake katika muda wa miaka 6. Barua za mwanzo zina salamu za nusu ukurasa: hali, watoto, wazee, majirani, kisha ndipo biashara. Kuanzia barua ya 17 salamu zinakuwa mistari miwili. Kwa nini? Swali ni dogo, lakini ona linavyovuta. Unahitaji kujua barua za wakati ule ziliandikwaje kwa kawaida, kama posta ilibadilika na karatasi ikapanda bei, kama kulikuwa na ugomvi wa fedha, kama mwandiko ni wa mtu yule yule au ameajiriwa karani. Sasa usomaji wako una mipaka, na kila kitabu unachokifungua unakijia na neno la kukiuliza. Aliyeanza na "mawasiliano na ukoo katika biashara" angali anakusanya vitabu.

Hesabu nayo inasaidia. Tasnifu nyingi za kiwango hiki huwa kati ya maneno 8,000 na 15,000, ingawa mwongozo wa idara yako ndio wenye kauli ya mwisho. Chukua 12,000. Utangulizi ukila 1,500 na hitimisho 1,000, zinabaki sura tatu za maneno kama 3,000 kila moja, na salio la tanbihi na vichwa. Sura ya maneno 3,000 hubeba dai moja na vipande vinne hadi sita vya ushahidi vilivyosomwa kwa makini, kwa sababu kunukuu kifungu, kukiweka katika muktadha wake na kukichambua vizuri hula maneno 400 hadi 600. Tasnifu nzima, basi, ina nafasi ya vipande 15 hivi. Mwenye kupanga kuchambua riwaya 10 atapata kipande kimoja na nusu kwa kila riwaya, na kitakachotoka ni muhtasari wa hadithi.

Nyaraka, unukuzi, mahojiano

Anayekwenda makavazi, yaani hifadhi ya nyaraka, amwandikie mtunza nyaraka angalau wiki mbili kabla, akitaja namba za majalada kama zilivyo katika katalogi. "Ningependa kuona nyaraka za biashara" ni ombi lisilojibika, ilhali namba ya sanduku hujibiwa siku hiyo hiyo. Majalada mengine huhifadhiwa nje ya jengo na huchukua siku kadhaa kuletwa. Mengine yanakarabatiwa au yamefungwa kwa miaka fulani kwa sababu yanataja watu walio hai. Heri uyajue hayo kabla ya kukata tiketi.

Ndani ya chumba cha kusomea ni penseli tu, na kamera bila mwako. Picha ya kwanza ya kila jalada iwe ya lebo yake. Kosa la kawaida kupita yote ni mtu kurudi na picha 300 nzuri zisizo na lebo, kisha miezi minne baadaye akashindwa kutaja chanzo cha nukuu anayoitegemea. Piga ukurasa mzima pamoja na pambizo, na upige mgongo wake hata kama unaonekana mtupu, kwa sababu mihuri na hesabu za penseli hupenda kukaa huko. Weka rula kwenye picha moja ya kila hati. Jioni hiyo hiyo badilisha majina ya mafaili yawe na sanduku, jalada na ukurasa, mfano "s04_j12_007". Ukiruhusiwa kutumia skana, nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa maandishi ya chapa. Mwandiko hafifu wa penseli unataka 600. Na usidanganyike na wepesi wa kamera: kupiga kurasa 200 ni kazi ya siku moja, kuzisoma kama ni za mkono ni kazi ya wiki nyingi.

Kunukuu hati ni uchambuzi tayari. Amua kanuni zako mapema na uziandike mbele ya kiambatisho: tahajia inabaki ilivyo, neno lisilosomeka linawekewa mabano ya mraba, neno la kubahatisha linawekewa alama ya kuuliza. Kwa wanaofanya kazi na Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu jambo hili lina uzito wa pekee. Katika hati nyingi za zamani herufi ba ilibeba sauti b, p na hata mb, na alama moja ya irabu ilisomwa i au e, nyingine u au o. "Bata" na "pata" huweza kuandikwa sawasawa kabisa. Ukitoa usomaji wako tu kwa herufi za Kilatini, umemficha msomaji maamuzi yote uliyoyafanya. Weka safu mbili, ya kwanza ikifuata herufi kama zilivyo na ya pili ikiwa usomaji wako, na chini yake tanbihi kila penye shaka. Katika utenzi, mizani na vina vitakusaidia kuamua, lakini lazima useme kwamba ndivyo vilivyokuamulia.

Mahojiano yana mtego wake. Karibu kila chuo kinataka kibali cha maadili kabla ya kuzungumza na mtu yeyote kwa ajili ya utafiti, na kamati huchukua wiki kadhaa. Ukirekodi kwanza ukaomba baadaye, mara nyingi rekodi hizo haziruhusiwi kutumika kabisa. Fomu ya ridhaa isomeke na anayehojiwa kwa lugha yake, imwambie sauti itahifadhiwa wapi, nani ataisikia, jina lake litatajwa au la, na mpaka lini anaweza kujitoa. Mpe nafasi ya kukubali hili na kukataa lile.

Rekodi kwa WAV, umbizo la sauti isiyobanwa, biti 24, kilohezi 48. Saa moja ya stereo katika kiwango hicho hula takriban gigabaiti 1, basi uje na kadi ya kutosha. Kinasa kikae sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, feni na friji vizimwe, na mwanzoni urekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba ili upate mlio wa kusafishia kelele baadaye. Kisha piga hesabu kabla hujaahidi chochote: kunukuu kwa maandishi saa moja ya mazungumzo huchukua saa 4 hadi 8. Mahojiano 10 ya dakika 90 ni saa 15 za sauti, yaani kati ya saa 60 na 120 za kunukuu, kabla hujachambua neno. Mahojiano manne yaliyonukuliwa kikamilifu yana nguvu kuliko kumi yaliyosikilizwa juu juu, na mtahini hulitambua hilo katika kurasa tatu za mwanzo.

Mradi wa ubunifu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wanafunzi wanapodhulumiwa kwa ushauri mfupi. Mradi wa ubunifu huwa na sehemu mbili: kazi yenyewe, na insha ya kitaaluma inayoambatana nayo. Uzito wa alama hutofautiana, na migao kama 70 kwa 30 au 60 kwa 40 ni ya kawaida. Mwanafunzi hutumia miezi sita kwenye kazi na siku sita kwenye insha, kisha hushangaa kilichompunguzia alama.

Insha huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni shajara: nilianza, nikakwama, nikapata wazo. Ya pili ni ufunguo wa mafumbo, pale mwandishi anapoeleza kila ishara ilimaanisha nini, kana kwamba shairi limeshindwa kusema. Insha inayofaa huuliza swali la umbo, na kazi yenyewe ndiyo jaribio la kulijibu. Kwa mfano: utenzi unaweza kubeba mazungumzo ya simu bila kuvunja mizani? Hadithi ikisimuliwa na watu watatu wasioaminiana, msomaji anahitaji ukweli wa nne? Swali la namna hiyo linakulazimisha usome waliojaribu kabla yako, uonyeshe walipofika, kisha uelekeze kwa ukurasa au kwa sekunde mahali ambapo kazi yako inafanya jambo tofauti, na ukiri ilipogoma.

Ili uweze kuandika hivyo, weka daftari la maamuzi tangu siku ya kwanza. Kila ingizo liwe na tarehe, uamuzi, ulichokiacha na sababu. Mistari minne inatosha. Hifadhi kila rasimu kwa jina jipya, usiandike juu ya ile ya zamani. Rasimu ya pili na ya sita zikiwekwa pembeni kwa pembeni ni ushahidi ambao hakuna mtaalamu wa kukunukulia.

Ukubwa nao uwe wa kweli. Mashairi 20 hadi 25 yaliyorudiwa mara nyingi yanatosha kwa mkusanyo wa kiwango hiki. Filamu ya dakika 10 inaweza kuhitaji dakika 100 na zaidi za picha, na kitakachoiangusha mara nyingi ni sauti. Mtazamaji husamehe taswira yenye giza, lakini maneno yasiyosikika humfanya aache kutazama. Rekodi sauti kwa kinasa cha pekee na upige kofi mbele ya kamera kila mwanzo wa tukio, ili upate pa kulinganishia sauti na picha. Kwa utunzi wa muziki, wapigaji wapewe nota zao wiki nne kabla, na kila ukurasa uishie penye pumziko, la sivyo mpigaji atageuza karatasi katikati ya sentensi ya muziki.

Kwa wachoraji, adui ni kemia. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji yake kutoka kama rangi ya maji. Mafuta yenyewe huungana na oksijeni taratibu. Tabaka jembamba huchukua siku kadhaa hadi wiki kukauka juu, tabaka nene huchukua miezi, na ukipaka tabaka linalokauka haraka juu ya lile lisilokauka, la juu litapasuka. Picha nene iliyomalizwa wiki ya maonyesho itaharibika kwenye gari njiani. Ratiba ya mafuta iishe wiki sita au nane kabla ya kutundika, au badili utumie akriliki tangu mwanzo.

Kutundika kunataka ramani ya ukuta iliyochorwa kwa kipimo, mfano 1 kwa 20, na vipande vya karatasi vya picha vinavyosogezwa juu yake. Vitovu vya picha vikae sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, kimo cha jicho la mtu wa wastani aliyesimama. Ukipanga kwa kingo za juu badala ya vitovu, ukuta wenye picha za ukubwa tofauti utaonekana umeinama. Lebo iwe na maneno 40 hadi 70 kwa herufi zinazosomeka hatua mbili mbali. Na piga picha za maonyesho yote kabla ya kushusha hata kimoja: ukuta mzima, kila kazi, na kazi ikiwa na mtu pembeni ili kipimo kionekane. Mtahini wa nje asipoweza kufika, picha hizo ndizo maonyesho yako.

Tafsiri ipo katikati ya utafiti na ubunifu, na kwa maoni yangu ndiyo mradi mzuri kuliko yote kwa anayejua lugha mbili barabara, kwa sababu inakukataza kuruka sentensi. Chagua matini ambayo lugha ya pili inailazimisha kusema ilichonyamazia. Hadithi ya Kiswahili inaweza kwenda kurasa nyingi na "yeye", "alikuja", "akamwambia" bila msomaji kujua kama ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kitamdai mfasiri jibu mapema. Hapo pana sura nzima: ulichagua nini, msomaji wa kwanza alijua nini na lini, na ni mbinu zipi ulizijaribu kuchelewesha jibu. Ila ulizia haki mapema. Mkataba wa Berne, uliofikiwa mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa, unataka hakimiliki ilindwe angalau miaka 50 baada ya mwandishi kufa, na nchi nyingi zimefika 70. Kutafsiri ili utahiniwe tu kwa kawaida hakuleti shida. Kuiweka tafsiri hiyo kwenye intaneti katika hifadhi ya chuo ni uchapishaji, na unahitaji ruhusa ya maandishi. Picha zilizochukuliwa makavazi zina hali hiyo hiyo.

Msimamizi, marejeleo, tarehe

Mficha uchi hazai. Mwanafunzi anayekwama hujificha, hughairi kikao kimoja, kisha cha pili, na baada ya wiki sita huona aibu kujitokeza bila sura nzima. Wasimamizi wengi huokoa kurasa mbovu kwa urahisi. Kurasa zisizokuwepo hawana la kuzifanya. Tuma maandishi siku tano kabla ya kikao, hata kama ni kurasa tatu, pamoja na mistari mitatu: nini kimebadilika, wapi umekwama, unataka uulizwe nini. Baada ya kikao, andika aya moja ya mlichokubaliana na umtumie. Inawasaidia nyote wawili pale anapokushauri mwezi Machi kinyume cha alichosema mwezi Novemba.

Panga ratiba kutoka mwisho kurudi nyuma. Ukiwa na wiki 28, rasimu nzima iwepo wiki ya 20, ikiwa mbaya haidhuru. Maana yake maneno 3,000 ya kwanza yawe yamefika kwa msimamizi kama wiki ya 11, na yasiwe ya utangulizi. Anza na sura yenye ushahidi unaoupenda zaidi. Utangulizi unaahidi yatakayofuata, na huwezi kuahidi usichokijua, ndiyo maana huandikwa upya wiki ya 25. Wiki mbili za mwisho ziachie tanbihi, marejeleo na mpangilio wa kurasa pekee. Zitajaa.

Kwa marejeleo tumia programu tangu kitabu cha kwanza. Zotero, iliyotoka Chuo Kikuu cha George Mason mwaka 2006, ni ya bure na inatosha. Bado kila ingizo likague kwa macho, kwa sababu data inayovutwa kutoka katalogi huja na majina yaliyogeuzwa na miaka ya toleo lisilo lako, na hati za makavazi utazijaza mwenyewe. Kila unachonakili neno kwa neno kiwekee alama za kunukuu na namba ya ukurasa saa ile ile unayokiandika. Wizi wa maandishi usiokusudiwa huzaliwa katika daftari la maelezo: miezi mitano baadaye sentensi nzuri isiyo na alama inaonekana kama yako. Programu zinazotunga matini nazo hubuni vitabu na makala visivyokuwepo, basi usiweke rejeleo ambalo hujalifungua kwa mikono yako.

Mafaili yawe na nakala tatu, mbili katika vyombo tofauti na moja nje ya jengo unamoishi. Mara moja kwa mwezi fungua nakala ya akiba uone kama inafunguka.

Siku ya kutetea, na baada yake

Utetezi huwa mfupi kuliko unavyoogopwa, mara nyingi chini ya saa moja. Utapewa dakika 10 za kufungua. Usisimulie sura moja baada ya nyingine, watahini wameshazisoma. Weka kitu chenyewe mezani au kwenye skrini, onyesha lile lililokushangaza mwanzoni, sema ulichokigundua, sema ambacho hakikueleweka. Maswali matatu karibu hayakosi kuja: kwa nini hiki na si kile, ushahidi gani ungekufanya ubadili dai, na sura ipi ni dhaifu. La tatu lijibu kwa ukweli na kwa namba ya ukurasa. Mtahini tayari anaijua sura hiyo, na anachopima ni kama nawe unaijua. Swali usilokuwa na jibu lake liandike mbele yao, useme ungelitafutia wapi.

Ukishapitishwa, baki na subira kwa marekebisho. Nakala ya kuhifadhiwa iwe PDF/A, umbizo lililotengenezwa kwa ajili ya kukaa muda mrefu, na fonti zote ziwe ndani ya faili. Kama kazi ni ya ubunifu, omba izuiwe kwenye intaneti kwa mwaka mmoja au miwili, kwa kuwa baadhi ya majarida na wachapishaji huhesabu kilichowekwa hadharani kuwa kimekwisha kuchapishwa. Fomu za ridhaa zikae mahali tofauti na rekodi za sauti. Peleka nakala moja makavazi uliposomea, ukiwa umeandika namba ya jalada kwenye barua ya kusindikiza, ili anayefuata kuliomba jalada lile aonyeshwe pia unukuzi wako. Na kila uliyemhoji apelekewe sauti yake na kurasa zinazomtaja, kwa lugha anayoisoma, kabla nakala ya chuo haijafunguliwa kwa umma.